Gari la kabureta likigoma kuwaka asubuhi: sikiliza dalili kabla ya kushika bisibisi

Gari la kabureta (chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye injini) linalowaka vizuri mchana likiwa na joto, kisha asubuhi likagoma, lina ugonjwa wake. Mara chache sana ugonjwa huo unakaa kwenye zile skrubu za pembeni ya kabureta ambazo kila mtu hukimbilia kuzizungusha. Skrubu zile hupanga silensa, yaani mzunguko wa injini iliyokwisha kupata joto wakati hujakanyaga mafuta. Kwenye kuwasha injini baridi mchango wake ni mdogo. Ukizichezea kabla hujajua kinachosumbua, gari lililokuwa linagoma asubuhi tu litaanza kusumbua na mchana.

Injini baridi inadai mambo mawili ambayo injini ya moto haiyadai. La kwanza ni mafuta mengi kupita kawaida. Petroli huungua ikiwa mvuke, na injini ikiwa ya moto manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda, huigeuza mvuke papo hapo. Ikiwa baridi, ni ile sehemu nyepesi ya petroli tu inayopanda hewani. Iliyobaki hutambaa kwenye kuta za manifoldi ikiwa majimaji tu. Injini ya petroli hufanya kazi vizuri kwenye uwiano wa karibu sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Asubuhi ya baridi kabureta hulazimika kumwaga petroli mara kadhaa zaidi ya hapo ili hicho kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe kushika moto. Kazi hiyo ni ya choki, kifaa cha kuongeza petroli injini ikiwa baridi.

La pili ni cheche yenye nguvu, na inadaiwa wakati ambapo umeme ni mchache. Betri ya kawaida ya gari kwenye nyuzi 0 hutoa takriban theluthi mbili tu ya nguvu yake, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hutoa takriban nusu au pungufu. Hapo hapo oili imekuwa nzito, stata inavuta umeme mwingi zaidi kuizungusha injini, na koili, inayokuza umeme wa betri uwe cheche, inaachiwa makombo. Kwa hiyo betri, pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche itoke) au waya za plagi zilizochoka kidogo zinaweza kukuvumilia mchana kutwa, halafu zikakuangusha alfajiri.

## Jaribio la kwanza la siku ndilo lenye ushahidi

Ukitaka kujua ukweli, gari lazima lilale usiku mzima bila kuguswa. Ukishapiga stata mara tatu, umeshapoteza ushahidi: bakuli la kabureta, linalotunza petroli, limejazwa upya, plagi zimelowa, choki imeshasogea, na kila utakachokiona kinaeleza juhudi zako zaidi ya kueleza ugonjwa wa gari. Andaa tochi na spana jioni. Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo wala kukanyaga pedali, toa ea klina na uchungulie koo la kabureta.

Juu kabisa utaona kilango cha choki. Kama choki ni ya mkono, mwambie mtu avute kitufe ndani ya gari huku wewe unatazama. Kilango kinapaswa kufunga koo lote. Mara nyingi utakuta kinafunga nusu tu, kwa sababu waya umeteleza kwenye skrubu yake au ganda la waya limechomoka kwenye kishikio. Dereva anahisi amevuta choki yote, kumbe kabureta imepata nusu.

Kama choki ni ya kujiendesha, usishangae kukikuta kilango kiko wazi. Choki nyingi za aina hiyo hazijipangi hadi pedali ikanyagwe mara moja. Mkanyago huo huiachia kamu ya silensa ya baridi izunguke, na springi ya metali mbili iliyojikunja kwenye kopo lake la duara hukivuta kilango kifunge. Kwa hiyo kanyaga mara moja, achia, kisha tazama. Kilango kifunge kwa haraka, bila kusitasita. Ukikigusa kwa kidole kikawa kizito, ekseli yake imejaa gundi ya petroli ya miaka mingi. Isafishe kwa dawa ya kusafishia kabureta, ukikichezesha mpaka kidondoke chenyewe kwa uzito wake. Usiipake oili, kwa maana oili hushika vumbi na mwezi ujao utarudi pale pale.

Ukiwa bado umeinamia hapo, vuta kwa mkono mkono wa eksileta mara moja, kwa haraka, huku umekishikilia kilango cha choki wazi. Mshipa mwembamba wa petroli unapaswa kuruka kutoka kwenye kijitundu kilicho kooni, ukaonekana wazi na ukaanza mara tu unapovuta. Hicho ni kipampu cha kabureta kikifanya kazi. Ukitoka mkojo dhaifu unaoteleza ukutani, kiwambo kimetoboka au kikombe cha ngozi kimekauka. Kisipotoka kitu kabisa, ama kipampu kimekufa ama bakuli ni kavu, na jinsi ya kutofautisha tutaiona mbele. Magari yenye kabureta za SU, kama Mini na Morris Minor za zamani, kwa kawaida hayana kilango hicho wala kipampu hicho: choki yake huishusha jeti chini ili petroli zaidi ipite kandokando ya sindano. Kwenye hizo chungulia kwa chini ya kabureta na uhakikishe jeti inashuka ukivuta choki na kurudi juu yote ukiirudisha.

Rudisha ea klina kabla ya kupiga stata. Injini baridi inaweza kucheua moto kupitia kabureta, na uso wako hauna kazi mahali hapo. Gari liwe kwenye nyutro au P, breki ya mkono juu, na mlango wa gereji wazi, maana moshi wa injini yenye choki umejaa kaboni monoksaidi, ambayo huua bila harufu.

Sasa piga stata, na usikilize.

## Stata inazunguka kwa uvivu

Usiende popote kwenye kabureta. Injini inayozungushwa polepole haivuti hewa ya kutosha kunyonya petroli, na koili haipati volti. Pima betri iliyolala bila kuchajiwa: 12.6 na kuendelea imejaa, 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 imebaki nusu. Kisha pima wakati stata inazunguka. Ikishuka chini ya takriban 9.6 wakati betri ilisoma vizuri kabla ya hapo, betri imechoka ndani au stata inakula kupita kiasi.

Kabla hujanunua chochote, pima njia za umeme. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, ile ya risasi, si kwenye kishikio chake. Ncha ya pili iguse chuma kitupu cha injini. Piga stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya huo au kwenye maungio yake. Rudia kwa upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye skrubu nene ya stata. Kutu ya kijani na unga mweupe kwenye vichwa vya betri huonekana, lakini waya ulioozea ndani ya ganda lake hauonekani. Mita ndiyo itakayousema.

Kuna dalili moja inayofaa kukumbukwa: shika waya wa choki baada ya kupiga stata. Ukiwa wa moto, ule mkanda unaounganisha injini na bodi umekatika au umelegea, na umeme wa stata unarudi kwenye betri kupitia waya wa choki. Mkanda mpya ni kazi ya dakika chache, na ukiuchelewesha waya wa choki unaweza kuunguza ganda lake na kunasa.

Oili nayo ina neno lake. 20W-50 inafaa mahali pa joto, lakini kwenye baridi kali hufanya stata ibebe mzigo usio wa lazima. Fuata kitabu cha gari kwa hali ya hewa ulipo. Kwenye gari la gia za mkono, kanyaga klachi unapopiga stata, usiizungushe na oili nzito ya giaboksi.

## Inazunguka vizuri lakini haitoi hata dalili ya kuwaka

Anza na cheche, kwa sababu inajibu haraka. Chomoa plagi moja, ivalishe waya wake, ilaze ili chuma chake kiguse injini vizuri, na umwambie mtu apige stata. Iwe mbali na kabureta na tundu la plagi ulilofungua, na ishikwe kwa plaiza yenye mpira. Cheche nzuri ni ya bluu, nene, na inalia. Ya njano au nyekundu, nyembamba kama uzi, itaungua hewani vizuri tu lakini ndani ya silinda yenye mgandamizo na petroli mbichi itashindwa.

Kwenye gari la pointi, hapo ndipo pa kwenda kwanza. Kile kisigino cha plastiki kinachosuguana na kamu ya distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi) hulika kidogo kidogo, nafasi ya pointi inajifinya yenyewe, na taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, inachelewa. Stata inazungusha distribyuta polepole, kwa hiyo pointi zinafunguka polepole, na zikiwa na nafasi finyu umeme huruka kati yake badala ya kukatika ghafla. Bila kukatika ghafla hakuna cheche ya maana. Magari mengi yanataka nafasi kati ya milimita 0.35 na 0.50, kitabu cha gari lako kitasema hasa. Pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) pale kisigino kinapokaa kwenye kilele cha kamu. Kama nyuso za pointi zina kishimo upande mmoja na kilima upande wa pili, badilisha pointi na kondensa pamoja. Ukizisugua kwa msasa zitawaka kwa wiki chache tu.

Unyevu ni adui mwingine wa asubuhi. Fungua kifuniko cha distribyuta, ukikaushe ndani kwa kitambaa, na ukitazame kwenye mwanga kwa pembe. Kamstari kembamba cheusi kama mchoro wa penseli kati ya nguzo mbili ni njia ambayo umeme umejichomea, na hakifutiki. Kifuniko ni cha kubadilisha. Waya za plagi huonekana vizuri gizani: injini ikizunguka, waya uliochoka unatoa vimulimuli vya bluu.

Cheche ikiwa nzuri, rudi kwenye swali la bakuli. Gari lililokaa wiki nzima kutaka stata ya muda kidogo ni jambo la kawaida, kwa sababu petroli ya kwenye bakuli imeyeyuka na pampu inayoendeshwa na injini haina budi kulijaza upya. Bakuli kukauka kwa usiku mmoja si kawaida. Kabureta nyingi za Hitachi na Aisin, zilizofungwa kwenye Nissan na Toyota za zamani, zina kidirisha cha kioo pembeni kinachoonyesha kina cha petroli. Kitazame kabla ya stata. Kwa kabureta isiyo na kidirisha, chukua bomba la sindano safi na usukume mililita 20 hadi 30 za petroli kupitia kitundu cha kupumulia cha bakuli. Funga kila kitu, futa iliyomwagika, subiri harufu iishe, halafu washa kwa utaratibu wa kawaida.

Kipimo hiki nakithamini kuliko vingine vyote, kwa sababu kinagawanya gari mara mbili. Likishika mara moja, choki yako ni nzima, cheche yako ni nzima, na ugonjwa uko kwenye njia ya kuleta au kutunza petroli: vali ya ndani ya pampu inayoiachia petroli irudi tangini, mpira wenye ufa unaovuta hewa kabla ya pampu, chujio lililoziba, au bakuli linalovuja kwa chini. Kabureta za Rochester Quadrajet zinajulikana kwa hilo la mwisho. Vizibo vilivyo chini ya bakuli huachia taratibu, na asubuhi petroli yote imeshuka kwenye manifoldi. Lisiposhika, acha kusumbua pampu.

Kamwe usimimine petroli kooni kwa chupa huku mtu mwingine anapiga stata. Injini ikicheua, chupa iliyo mkononi inawaka.

## Inashika wakati wa stata, inazimika ukiachia ufunguo

Dalili hii ni ya pekee hivi kwamba haihitaji kubahatisha. Magari mengi ya pointi yana rizista (kipunguza umeme) kwenye njia ya koili. Injini ikiwa inaenda, koili hulishwa kupitia rizista hiyo, na ukipima kwenye chanya yake wakati pointi zimefunga utakuta takriban volti 6 hadi 9. Wakati wa stata, waya mwingine huiruka rizista na kuipa koili umeme wote wa betri. Rizista ikikatika, njia ya stata inafanya kazi na njia ya kawaida imekufa, hivyo injini inaunguruma na kufa pale pale kidole kinapoachia. Swichi ya ufunguo iliyochakaa inaweza kutoa dalili hiyo hiyo. Usiiunge koili moja kwa moja kwenye betri ukaendelea na safari. Koili ya volti ndogo itachemka na pointi zitaungua.

Kinyume chake pia kipo. Gari linazunguka, linazunguka, halishiki, kisha sekunde ile unayokata tamaa na kuachia ufunguo ndipo linashtuka kuwaka. Hapo waya wa kuiruka rizista ndio mbovu, kwa kawaida kwenye solenoidi ya stata.

## Inawaka, inakwenda sekunde chache, inakufa

Hapa ndipo watu wengi hubadilisha kabureta nzima bila sababu. Injini inakufa kwa njaa au kwa kushiba, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine, kwa hiyo jambo la kujua kwanza ni ipi kati ya hizo mbili.

Injini inayokufa kwa njaa hukohoa, hucheua kupitia kabureta, na huzimika ghafla bila moshi. Inayokufa kwa kushiba huyumba, hutetemeka, hutoa moshi mweusi kwenye ekzosi na kuacha harufu kali ya petroli. Kama huna hakika, mtu awashe huku wewe umesimama pembeni ya kabureta, ea klina imetolewa, uso ukiwa kando. Inapoanza kufa, sukuma kilango cha choki kwa bisibisi ndefu kuelekea kufunga, kidogo tu. Ikifufuka, ilikuwa na njaa. Ikizidi kufa, asubuhi inayofuata fanya kinyume: kifungue kidogo. Sikiliza mlio unavyobadilika chini ya bisibisi. Injini inajibu papo hapo, na milimita moja inatosha kuonyesha tofauti. Hakuna chombo cha bei kubwa kitakachokujibu waziwazi kuliko hivyo.

Kama ni njaa, choki haifungi vya kutosha au kuna hewa inayoingia kwa wizi. Kwenye choki ya kujiendesha, kopo la springi limeshikwa kwa skrubu tatu na lina alama za mistari pembeni. Weka alama ya mahali lilipo sasa, legeza, lizungushe mstari mmoja kuelekea upande wa kufunga, kaza, na usubiri asubuhi nyingine. Mstari mmoja kwa siku. Kwa hewa ya wizi, injini ikiwaka kwa shida, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi, chini ya kabureta na kwenye mipira ya vakyumu, hasa ule mnene wa breki. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Gaskiti inayovuja ikiwa baridi inaweza kuziba chuma kikipanuka kwa joto, na ndiyo sababu mchana hukuikuta.

Kama ni kushiba, mtuhumiwa wa kwanza ni kile kiwambo kidogo cha vakyumu kilichounganishwa na kilango cha choki. Injini ikishashika, choki iliyofunga kabisa inainyima hewa, kwa hiyo kiwambo hicho hukivuta kilango mara moja kiache mwanya. Vuta mpira wake kwa mdomo: mkono wa kiwambo unapaswa kuingia na kubaki ndani ukiziba kwa ulimi. Ukirudi taratibu, kiwambo kimetoboka. Kikiwa kizima, mwanya wenyewe unapimwa kwa kupitisha kijiti cha drili kati ya kilango na ukuta. Kwenye kabureta nyingi ni milimita chache tu, na kitabu kinatoa kipimo. Mwanya mdogo kuliko hapo ni moshi mweusi. Mkubwa kuliko hapo ni kikohozi.

Halafu kuna silensa ya baridi. Choki ikiwa imefunga, kamu inapaswa kukifungua kidogo kilango cha chini, kile kinachofunguliwa na pedali, ili injini iende kati ya mizunguko kama 1,200 na 1,800 kwa dakika, kutegemea gari. Ikiwa inashuka hadi mzunguko wa kawaida huku injini ni baridi, itazimika hata kama mchanganyiko ni mzuri. Skrubu ya kamu hiyo ni tofauti na ile ya silensa ya kawaida. Usizichanganye.

## Harufu ya petroli, plagi zimelowa

Injini imelewa mafuta. Kanyaga pedali hadi chini, ibakize hapo hapo bila kupampu, na upige stata sekunde tano hadi kumi. Pedali ikiwa chini kabisa, choki nyingi za kujiendesha hulazimishwa kufunguka kidogo, na hewa inakausha silinda. Ya mkono irudishe ndani wewe mwenyewe. Usivuke sekunde kumi kwa mkupuo, na uipe stata karibu dakika moja ipoe.

Sababu ya kwanza ni mguu wa dereva. Kila mkanyago kabla ya kuwasha ni mshipa mwingine wa petroli mbichi, na mazoea ya kukanyaga mara tano yanatoka kwenye gari la mtu mwingine lenye kipampu kibovu. Mkanyago mmoja, au miwili kwenye baridi kali, unatosha gari zima. Kama mguu hauna hatia, tazama sindano ya boya, ile inayofunga njia ya petroli bakuli likijaa: chembe moja ya uchafu inaiacha wazi na petroli inafurika. Toa boya ulitikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani limetoboka na limezama.

Usisahau kijiti cha oili. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama, petroli imekuwa ikishuka kwenye oili kupitia silinda au kupitia kiwambo cha pampu kilichochanika. Oili ya namna hiyo haikingi tena beringi. Tafuta chanzo, badilisha oili, ndipo uendeshe.

## Iliwaka vizuri, imekufa baada ya dakika chache, imewaka tena yenyewe

Hii ni barafu ndani ya kabureta, na huja hewa ikiwa na unyevu mwingi kwenye nyuzi kati ya 0 na 15 hivi. Petroli inapogeuka mvuke hufyonza joto, chuma cha kabureta kinapoa chini ya sifuri, na unyevu wa hewani unaganda kwenye kilango cha chini. Injini inapoteza nguvu, silensa inashuka, inazimika. Ukisimama dakika tano, joto la injini linapanda, barafu inayeyuka, na fundi hakuti kitu.

Watengenezaji walilijua hilo, ndiyo maana kuna bomba la karatasi au bati linalopeleka hewa ya moto kutoka juu ya manifoldi ya ekzosi hadi kwenye ea klina. Kwenye magari mengi bomba hilo limeoza na kutupwa, au ea klina ya asili imetolewa ikawekwa ya urembo. Lirudishe. Angalia pia kijilango kilicho kwenye mdomo wa ea klina kama kinavuta hewa ya moto injini ikiwa baridi.

## Inakwenda na choki, haishiki silensa choki ikirudi

Washa ufunguo bila stata na usikilize kabureta. Zipo nyingi zenye vali ndogo ya umeme inayofungua njia ya petroli ya silensa, na inapaswa kutoa mlio mmoja wa tik. Kama haitoi, pima umeme kwenye waya wake kabla ya kulaumu vali. Mlio ukiwepo, jeti ya silensa imeziba. Itoe na uipulize kwa hewa, usiichokoe kwa waya.

## Petroli iliyolala

Petroli inayokaa miezi hupoteza kwanza ile sehemu nyepesi, na ndiyo pekee inayowasha injini baridi. Gari lililoegeshwa muda mrefu, lenye cheche na choki nzima lakini linaloshika kwa shida, limwagwe tangi na kuwekewa mpya kabla ya kazi nyingine yoyote.

## Kila kitu ni kizima, bado linagoma

Basi pima kompresheni, plagi zote zikiwa nje na kilango cha chini kikiwa wazi kabisa. Tofauti kati ya silinda ina uzito kuliko tarakimu yenyewe. Silinda iliyo chini, iwekee kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, hewa inatoroka kwenye valvu au gaskiti ya kichwa. Kabla ya kufungua kichwa pima nafasi za tepeti, yaani mwanya kati ya valvu na kinachoisukuma: kwenye injini nyingi valvu zinapojizamisha kwenye viti vyake nafasi hiyo hupungua hadi kuisha, valvu ikabaki wazi kwa unywele, na kuipanga upya kwa fila geji na spana kunaweza kurudisha mgandamizo wote uliopotea, mradi valvu haijaungua.